Msiwasingizie mababu: juu ya kazi, masomo na nyumba ya mwanamke kwetu Kalemie

Neno "desturi" limekuwa kofuli kwetu. Kila mara mwanamke anapouliza swali ambalo jibu lake litamgharimu mwanaume kitu, kofuli hiyo inatolewa mfukoni na mlango unafungwa. Kwa kikao cha kugawa mali ya marehemu: desturi. Kwa kuchagua nani ataendelea na masomo na nani atabaki kuchota maji: desturi. Kwa biro, pale mama mwenye diploma anapoambiwa apange makaratasi, na kijana aliyemaliza nyuma yake anapewa usimamizi, hapo wanaona haya kidogo kutaja desturi. Wanasema: "Mama, utachoka, uko na batoto." Lakini ni kofuli ile ile.

Sisi tunaoandika humu ni watu wa desturi. Tunakusanya mithali, tunafundisha vijana ngoma, tunawasumbua wazee kwa maswali mpaka wengine wakituona wanapita njia ya nyuma. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba tumeuza mila zetu kwa wazungu au kwa mashirika ya wafadhili. Na kwa sababu hiyo hiyo tuko na deni la kusema wazi: mambo mengi yanayoitwa mila ya mababu juu ya mwanamke si ya mababu. Mengine umri wake haupiti reli ya Kabalo, ambayo ilifika hapa kwetu mwaka 1915, mji ukiitwa bado Albertville.

Kwanza tumsikilize mtu wa elimu. Gertrude Mianda ni Mkongomani, mwanasosiolojia, na amefundisha katika Chuo Kikuu cha York, Toronto, kule Kanada. Mwaka 1996 alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya wamama wanaolima na kuuza mboga Kinshasa. Alifuata swali ambalo wengi wetu tunaliruka: si nani anaitwa kichwa cha nyumba, ila nani anaamua makuta yaende wapi. Akaona kwamba wale wamama, ambao kwa macho ya sheria na ya majirani walikuwa chini ya mume, walikuwa na njia zao za kuongoza mambo. Walimwachia mume heshima ya kiti na ya neno la mwisho mbele ya wageni, na kwa kimya walipanga chakula, masomo ya watoto na akiba. Mtu asiyekaa nao angesema hawana nguvu yoyote. Aliyekaa nao alijua.

Tumewahi kueleza utafiti huo kwa mazungumzo, na mzee mmoja akapiga mikono: "Munaona! Bamama njo banatawala nyumba. Sasa banalia nini tena?" Tunamjibu hapa kwa maandishi, maana siku ile kelele ilikuwa nyingi. Nguvu ambayo lazima ijifiche ni nguvu isiyo na shahidi. Siku mume anapokasirika, au anapooa mwingine, au anapokufa, mama hawezi kusimama mbele ya mtu yeyote na kusema: nyumba hii niliijenga mimi, matofali haya ni mboga zangu. Nani atamwamini, wakati miaka 20 yeye mwenyewe aliwaambia watu kwamba "papa njo alijenga"? Ujanja wa wamama ni akili kubwa, tunauheshimu. Lakini mtu hufanya ujanja pale alipokatazwa kupita njiani.

Mianda huyo huyo, katika makala iliyotoka mwaka 2002, aliangalia nyuma, wakati wa Wabelgiji, kwa wale walioitwa "evolue", wanaume wetu wa kwanza wa kalamu na tai. Gazeti lao lilikuwa La Voix du Congolais, lililoanza mwaka 1945. Humo walilalamika sana kwamba wake zao hawajasoma. Vizuri. Lakini walitaka wasome nini? Kupokea wageni, kupanga meza, kulea watoto kwa usafi, kuongea Kifaransa kidogo ili bwana asione aibu mbele ya mzungu. Mke msomi alikuwa sehemu ya nyumba nzuri, kama kabati na pazia.

Na shule zilifuata mpango huo. Wavulana walifundishwa kuwa makarani, waganga wasaidizi, mafundi wa reli. Wasichana walipewa sindano na uzi. Wabelgiji walikuwa na "fuaye sosiali", na moja inayojulikana sana ilikuwa ng'ambo ya ziwa letu, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura: ilifanya kazi toka 1946, ikifundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika, kupiga pasi na kutunza nyumba kwa mtindo wa Ubelgiji. Sisi hatudharau kupiga pasi. Tunauliza tu: mama ambaye bibi yake alikuwa akilima shamba lake mwenyewe, akifinyanga vyungu na kuuza chumvi, nani alimwambia kwamba mahali pake ni jikoni tu? Babu wa Kitabwa? Hapana. Ni madamu wa fuaye.

Usumbura hiyo hiyo kuna habari ambayo watoto wetu wangepaswa kuisoma. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kodi kwa mwanamke "anayedhaniwa kuishi peke yake", yaani asiye na mume kwenye karatasi. Mjane alilipa, aliyeachwa alilipa, na kwa macho ya mji kodi hiyo iliwaweka wote katika fungu moja na malaya. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa kartie ya Buyenzi, waongeaji Kiswahili kama sisi, walisimama na kuikataa. Walikuwa wajane na watalaka, watu wazima wa heshima zao. Hawakungoja shirika la wafadhili lije kuwafundisha neno "usawa". Anayesema kwamba kudai haki kwa mwanamke ni kitu kipya kilichotoka Ulaya, aanze kutueleza Buyenzi.

Sasa tuje kwa mababu wenyewe, maana ndio wanaotajwa kila siku na hawapo kujitetea.

Watabwa wa pwani ya Mpala na Moba, na Waholoholo wa hapa karibu, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mrithi wa mtu alikuwa mtoto wa dada yake. Mwanaanthropolojia Mmarekani Allen Roberts, aliyekaa kwa Watabwa katika miaka ya 1970, ameandika mengi juu yao, na wazee wetu bado wanaweza kukueleza bila kitabu. Tusidanganyane: huo haukuwa utawala wa wanawake. Aliyeshika neno alikuwa mjomba. Lakini mwanamke hakuwa mgeni kwa ukoo wake. Ndoa ikiharibika, alijua kwa kurudi, na watoto hawakunyang'anywa. Ni tofauti kubwa na yule dada wa leo ambaye kwa mume anaitwa wa kuja, na kwao anaambiwa "tulishakula mali yako, rudia kwa bwana".

Waluba ni mambo mengine, wao wanahesabu kwa baba. Lakini angalia sanaa yao: viti vya wafalme, fimbo za enzi, viegemeo vya pinde, karibu kila mahali kimechongwa kiwiliwili cha mwanamke, kwa maana siri ya ufalme ilisemwa kukaa ndani ya mwanamke. Tena mfalme alipokufa, roho yake iliingia kwa mwanamke, Mwadi, ambaye alirithi alama zake na kukaa katika makao yake kama mfalme mwenyewe. Watu waliamkia Mwadi kwa heshima ya mfalme. Hatusemi kwamba kila mama wa kijiji cha Kiluba aliishi hivyo, wengi walitwanga na kulima kama mahali pengine. Tunasema kwamba mtu akisimama mbele yetu na kutangaza kuwa "kwa Baluba, mwanamuke hawezi kukaa kwa kiti", hajui Waluba, au anajua na anadanganya.

Na huu ndio ubaya tunaoushitaki zaidi. Wanaume wa mji huu wanachagua desturi kama mtu anayechagua samaki kwa beseni. Mjomba akifa, kijana anakuja mbio: "Kwetu tunarisi kwa mama, nyumba ya yaya ni yetu." Anaingia, anatoa watoto wa marehemu. Miaka kumi inapita, yeye mwenyewe anaumwa, anaita watoto wake: "Musikubali mutu wa ukoo aguse lupango yangu, siku hizi ni kwa baba." Desturi ya mama kwa kuchukua, desturi ya baba kwa kubaki navyo. Na mjane, kwa desturi ya kwanza na kwa ya pili, yuko inje na sufuria zake.

Sheria inasema nini? Tuiseme, kwa maana watu wengi wanaijua kwa uvumi tu. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuwa na ubaya wake: ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba, mke amtii, na mke asifanye kitendo cha kisheria cha kumfunga bila ruhusa ya mume. Msichana aliruhusiwa kuolewa na miaka 15, mvulana 18. Ona vizuri mwaka: 1987. Kwa hiyo ile karatasi ya "ruhusa ya bwana", ambayo wamama wengi waliombwa kwa benki, si ya babu wa babu. Iliandikwa Kinshasa na watu wa abakosti, walionakili kwa sehemu sheria za Ulaya ambazo Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha kuzitupa. Sheria ya 15 Julai 2016 ilirekebisha mengi: ruhusa ya mume iliondoka, sasa ni mapatano ya wawili, na umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote. Hata hivyo bado ilimwacha mume kuwa kichwa cha nyumba. Wabunge walifika mlangoni wakaogopa kuingia.

Lakini juu ya urithi, hata ile ya 1987 ilikuwa wazi. Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na fungu lao ni robo tatu. Robo inayobaki ni ya mke au mume aliyebaki, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja. Tena kabla ya kuhesabu urithi wowote, ikiwa wawili hawakuchagua mpango mwingine wa mali siku ya ndoa, kile walichopata pamoja ni cha wawili, na nusu ya mama si urithi, ni yake. Haingii kwa mgawanyo. Ndugu wa marehemu wanaobeba friji, kitanda na mabati siku ya kuondoa matanga hawagawi mali ya ndugu yao. Wanaiba mali ya mtu aliye hai, ambaye amekaa chini analia mbele yao.

Twende ziwani, maana huko hesabu inaonekana wazi. Usiku usio na mwezi wanaume wanatoka na mitumbwi na taa. Ndagala wanafuata mwanga, wavu unavutwa. Alfajiri mitumbwi inarudi, na kabla miguu ya mvuvi haijakauka wamama wako tayari kwa mchanga na mabeseni. Toka hapo samaki ni kazi ya mwanamke: kupatana bei, kuanika, kugeuza, kufukuza kuku, kukusanya mbio wingu likitokea, kufunga magunia, kutafuta nafasi kwa treni au kwa lori. Wakati wa mvua ndagala hawakauki, wanaharibika upesi, na hasara ni ya yule aliyenunua. Aliyevua amekwisha kupata makuta yake, analala. Watu hawalifikirii jambo hili: katika biashara ya ndagala, anayebeba hatari kubwa kwa inchi kavu ni mama. Na mtumbwi, wavu, taa, mota, ni vya nani? Sehemu kubwa ni vya wanaume, na mwenye vyombo anakata fungu lake kwanza. Mama akisema anataka kununua wavu wake, anasikia tena lile neno, desturi, mwanamke na wavu hapana. Ajabu, desturi hiyo inanyamaza kabisa pale mama anapotoa makuta ya mafuta jioni ili apate samaki asubuhi.

Sisi tunakumbuka Filtisaf ilipokufa, na mishahara ya reli ilipokuwa inachelewa miezi kwa miezi. Mji huu haukula kwa mshahara. Ulikula kwa ndagala, kwa fufu, kwa mawese, kwa likelemba za wamama ambapo kila mmoja anatoa kiasi kile kile na kila mara mmoja anachukua yote. (Benki inaomba karatasi kumi. Likelemba inaomba jina lako tu, na jina likiharibika hakuna wakili atakayelisafisha.) Watoto waliosoma wakati ule, ambao leo wako maofisini na wanatufundisha juu ya "nafasi ya mwanamke", walilipiwa minervali na makuta yenye harufu ya samaki. Lakini fungua karatasi ya kuzaliwa ya mmoja wao, tazama pale pa kazi. Baba: mfanyakazi wa reli. Mama: menajeri. Yaani mtu wa nyumbani. Yule baba hakulipwa mwaka mzima na ana kazi. Yule mama alilisha watu tisa na hana kazi!

Juu ya chuo, tutasema kwa ufupi, ingawa panatuuma. Mwaka 1960, uchaguzi wa Mei uliomleta Lumumba, wanawake hawakupiga kura. Mkongomani mwanamke wa kwanza kumaliza chuo kikuu alikuwa Sophie Kanza, pale Lovanium, mwaka 1964, na alisoma hiyo hiyo sosiolojia. Mwaka 1966 akawa waziri, mwanamke wa kwanza. Haki ya kura kwa wanawake ililetwa na katiba ya 1967. Basi nchi ilikuwa na waziri mwanamke kabla mwanamke hajaruhusiwa kuchagua mbunge, na hiyo ndiyo tabia yetu mpaka leo: kumpandisha mmoja juu, apigwe picha, na kuacha mlango wa chini umefungwa. Jimbo letu la Tanganyika limekwisha kuwa na gavana mwanamke, mama Julie Ngungwa. Toka mwaka 2024 nchi ina waziri mkuu mwanamke, mama Judith Suminwa. Tunafurahi. Lakini hesabuni nyinyi wenyewe, katika vyuo vya mji huu, maprofesa wanawake ni wangapi, mashefu wa travo ni wangapi, hata maasistenti. Msichana anayeingia chuo anakuta mzaha wa zamani unaomngoja, ule wa "pointi za zinaa". Kama anafaulu, wanasema alifaulu hivyo. Kama kuna mwalimu anayemwinda na yeye anakataa, anaanguka, na wanasema hana akili. Mzaha huo hatuwezi kuucheka. Unamwondolea aliyefaulu diploma yake na unamfunika aliyekosa.

Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 14, imeahidi usawa wa wanaume na wanawake katika vyombo vya nchi, na sheria ya 1 Agosti 2015 ikaeleza namna ya kuutimiza. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama mzazi juma 14 za mapumziko. Waajiri wa mji huu wanajua juma hizo 14 kuliko wanavyojua kifungu cha 14, njo maana wanapendelea kuajiri kijana.

Wako watakaosema tunachochea vita ndani ya nyumba. "Mwanamuke akisoma sana anakuwa na kiburi, ndoa inavunjika." Sisi tumekaa kwa vikao vingi vya kupatanisha ndoa, wengine wetu kama wajomba, wengine kama mashangazi, na tunajua kinacholetwa pale: pombe, mwanamke wa pili aliyefichwa, mshahara uliopotea njiani, mama mkwe. Diploma ya mke haijaletwa mbele yetu hata mara moja kama chanzo. Labda kwa vikao vya wengine.

Tena kuna wamama wanaotuambia tunyamaze, kwamba wao wamezoea njia zao za kimya na zinafaulu. Kwa hao hatuna ukali. Mianda amekwisha kueleza kwa nini. Tunawaomba kitu kimoja tu, na tunawaomba pia mabwana zao wenye moyo: andikeni. Lupango iandikwe majina mawili. Risiti ya mabati ikae kwa yule aliyelipa. Ndoa ipelekwe kwa ofisi ya komini, isiishie kwa mbuzi na pagne, kwa sababu siku ya matanga, mbele ya hakimu, mbuzi hawatoi ushahidi.

Na kwa upande wetu, shirika hili lina ngoma, lina viti, lina wazee wanaoitwa kusema maneno ya kuondoa matanga. Familia zinatuomba, na sisi tunakwenda. Tumekubaliana katika kikao chetu: toka sasa, kabla ya kutoa ngoma, mzee wetu atauliza mjane analala wapi. Wakimjibu kwamba amekwisha kutolewa, au kwamba "mambo hayo ni ya ukoo", ngoma itabaki kwa depo na viti pia. Wanaotaka kuondoa matanga bila sisi watafute ngoma mahali pengine.